Fimbo ya «Colonie Belge»: azabu ni ya nini, na mupaka wake ni wapi?

Mu vitabu vyetu vya mila tunazoea kuandika juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya majina ao juu ya ngoma. Mara hii tumeona vema kuandika juu ya picha moja, kwa sababu ile picha nayo imekuwa sawa mila kwetu Katanga. Inaitwa «Colonie Belge». Mu miaka ya 1970 ilitundikwa ku ukuta wa salon mu nyumba nyingi za Lubumbashi na miji mingine ya migodi: nyumba za wafanya kazi wa Gécamines, za walimu, za wachuuzi. Kando yake wengine waliweka mamba muntu, ao Lumumba, ao Simba Bulaya. Watu walikula, walipokea wageni, walipatanisha ndoa za watoto wao mbele ya picha ya mutu anayepigwa fimbo, na hakuna aliyeona ajabu. Sisi tunauliza: ile picha inatufundisha nini juu ya azabu? Na ni nini inachotuficha?

1. Picha yenyewe

Wachoraji waliichora mara nyingi, kila mumoja kwa mukono wake, lakini vitu vya lazima havibadiliki sana. Kuna kiwanja cha gereza. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Mutu mumoja amelazwa chini, makalio wazi, na polisi mweusi wa kaputula na kofia nyekundu amenyanyua fimbo. Fimbo ile ilikatwa mu ngozi ya kiboko. Wabelgiji waliiita chicotte, lakini kwetu jina lake ni fimbo tu. Pembeni anasimama muzungu wa serikali, mavazi meupe, kofia ya jua, mara nyingi kiko mu kinywa. Anaangalia. Wafungwa wengine, wenye nguo za mistari, wanaendelea na kazi. Na wanawake wamekuja, mutoto mugongoni, beseni ku kichwa. Wanaleta chakula, na wanangoja.

Mumoja wa wale walioichora vema kuliko wengi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mu 1947. Alichora ku kitambaa cha mifuko ya unga, na aliuza kazi yake kwa watu wa hapa hapa. Mu 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yote, picha zaidi ya 100, akamuelezea kila moja kwa Kiswahili Johannes Fabian, profesa aliyefundisha ku université ya Lubumbashi. Tangu mwaka 1981 hakuna aliyepata tena habari yake. Picha zile za historia ziko mu nyumba ya makumbusho kule Amsterdam, mbali na salon walimopaswa kuzizungumzia.

Wenye kuzinunua walikuwa na neno lao kwa picha za namna hii: ukumbusho. Neno hili ni kubwa. Hawakusema «pambo», hawakusema «uzuri». Picha ya ukumbusho kazi yake ni kumufanya mutu aseme. Mugeni anaikaa mbele, anaiangalia, na baba wa nyumba anaanza: «Wakati ya bazungu, baba yangu…» Kama hakuna anayesema, picha haijafanya kazi yake. Kwa hiyo nasi tunaiheshimu namna ile inavyotaka: tunaisemea.

2. Kosa halimo mu picha

Muiangalie kwa muda, kisha muulize: ile muntu alifanya nini? Picha haisemi. Hakuna kitu kilichoibwa kando yake, hakuna mutu aliyejeruhiwa, hakuna zuzi, hakuna karatasi ya hukumu. Ukiuliza mu nyumba, kila mumoja ana jibu. «Hakulipa kodi.» «Alitoroka kazi.» «Alikataa kulima pamba.» «Haikuwa kitu, ni hasira ya muzungu tu.» Majibu yote yanaweza kuwa kweli. Kodi ilikuwa lazima. Kuvunja mapatano ya kazi kulikuwa kosa la kufungwa. Na tangu 1917 wanakijiji walilazimishwa kulima mimea iliyochaguliwa na serikali, na asiyelima aliazibiwa.

Kuna wanaosema kwamba huo ni upungufu wa picha: inatuonyesha maumivu bila kutuonyesha sababu. Sisi tunasema njo nguvu yake. Muchoraji ametoa kosa ndani ya picha kwa sababu mu maisha nalo lilikuwa limetolewa. Makosa yalikuwa ya namna nyingi, lakini jibu lilikuwa moja. Aliyeiba na aliyechelewa ku appel walilala pahali pamoja, chini ya fimbo ileile. Na wakati jibu ni moja kwa makosa yote, anayepigwa hafundishwi kosa lake. Anafundishwa tu nani ni mukubwa.

Tunajua kuna wazee wetu wanaotazama picha ile na kusema: «Wakati ile kulikuwa discipline. Barabara zilifagiliwa, mwizi alikuwa na woga.» Hatutaki kuwacheka. Wameona mwizi akitoka buloko asubuhi kwa franka kidogo, halafu anamusalimia ku njia yule aliyemuibia. Haja yao ni ya haki: wanataka kosa lipate jibu. Mila zetu zote zinasema hivyo. Kosa lisilojibiwa linazaa lingine, na aliyeumizwa akikosa wa kumusikiliza atajitafutia jibu mwenyewe, na jibu lile litakuwa baya.

Lakini picha yenyewe inawajibu wazee. Watazame fimbo, halafu watazame wale wafungwa wengine walio nyuma. Kama fimbo ingeweza kufundisha watu, kiwanja kingekuwa kitupu kufikia mwisho wa koloni. Mu picha hakina utupu hata kidogo. Wafungwa ni wengi, wanawake wa kuleta chakula ni wengi, na mwenye fimbo haonekani kama mutu anayekaribia kumaliza kazi yake.

3. Fimbo zilizohesabiwa

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: serikali ya koloni iliandika sheria juu ya hesabu ya fimbo. Wakati wa Leopold II mutu aliweza kupigwa mpaka fimbo 100. Mu 1906 hesabu ilishushwa mpaka 50. Baadaye, wakati Kongo ilikuwa imekwisha kuwa koloni ya Ubelgiji tangu 1908, ilishuka tena: 12, halafu 8, na mu 1951 ikafika 4. Mu 1959 fimbo ikafutwa kabisa mu sheria, karibu tu na uhuru wa tarehe 30 Juni 1960.

Ku picha za Tshibumba kuna zile zilizoandikwa juu yake «Colonie Belge 1885-1959». Mutu wa shule atasema kwamba tarehe hizo zina makosa: mu 1885 inchi ilikuwa ya Leopold mwenyewe, haijakuwa koloni ya Ubelgiji, na uhuru ulikuja mu 1960. Sisi tunazisoma namna nyingine. Kwa mutu aliyelala chini, aliyebadilika jina ni mwenye kupiga, fimbo haikubadilika. Koloni ilianza fimbo ilipofika na ilikwisha fimbo ilipofutwa. Kama muchoraji alifikiri hivyo ao hapana, hatuwezi kumuuliza tena. Lakini picha inaruhusu kusomwa hivyo, na usomaji huo ni wa kweli kuliko kalenda.

Ile hesabu iliyoshuka polepole ina somo. Wakubwa wa koloni walijua kwamba azabu inapaswa kuwa na mupaka. Lakini waliutafuta mupaka mu hesabu tu. Bila shaka fimbo 4 si sawa na fimbo 50. Mwili unajua tofauti, na hatuzarau neema ndogo iliyomufikia mutu. Hata hivyo swali la nani anapigwa halikuguswa: fimbo ilikuwa ya mutu mweusi, haikuwa ya muzungu. Na swali la pili nalo halikuguswa: mwenye kupiga akizidisha, nani atamuhukumu? Mu picha, yule wa kiko hakuna anayemuangalia. Yeye njo zuzi, yeye njo shahidi, yeye njo anayesema «inatosha». Azabu ambayo mwenye kuitoa ni peke yake mwenye kuipima haina mupaka, hata kama sheria imeandika 4.

Muji wetu ulishika ushuhuda mwingine wa jambo hili. Mu 1921 Simon Kimbangu, muhubiri wa Nkamba mu Bas-Congo, alihukumiwa na tribinali ya kijeshi kule Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Hukumu ilikuwa fimbo 120 na kifo. Hakuhukumiwa ju ya kuua wala ju ya kuiba. Serikali iliogopa umati wa watu waliomufuata. Mufalme Albert I aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akaletwa huku Elisabethville. Alikaa mufungwa mpaka kufa kwake tarehe 12 Octoba 1951. Miaka 30. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao, na kila pahali walipotupwa walihubiri. Kama kusudi la azabu lilikuwa kuzima imani ile, matokeo tunayajua: tarehe 24 Desemba 1959 serikali ileile ililazimika kulitambua Kanisa lao. Ni mwaka uleule wa fimbo kufutwa. Tunajifunza hapa kwamba kuna vitu ambavyo azabu haina uwezo navyo. Inaweza kumufunga mutu mukono. Kile anachoamini hakifungwi na mulinzi wa gereza.

4. Kazi tatu za azabu

Sasa turudi ku mila, kwa sababu kitabu hiki ni cha mila, na kwa sababu wengi wanasema: «Wazungu walileta fimbo, sisi tulikuwa na baraza.» Neno hilo ni kweli nusu, na ile nusu tunapenda kuieleza.

Mu vijiji vingi vya inchi yetu, kesi ya kuiba, ya kupiga ao ya kuharibu shamba haikuanza na swali «tumufanye nini huyu?» Ilianza na swali «nani ameumizwa?» Chifu anakaa na wazee. Jamaa mbili zinakaa, ya aliyekosa na ya aliyekosewa. Kila upande unasema mpaka maneno yaishe, na hiyo inaweza kuchukua siku. Kisha yanapangwa malipizi: kuku, mbuzi, leo franka ao dola. Mara nyingi halipi aliyekosa peke yake. Analipa pamoja na jamaa yake. Mwishoni watu wanakula ao wanakunywa pamoja, ili kila mumoja aone kwamba kesi imekwisha na isifufuliwe kesho ku kisima.

Mu desturi ile tunaona azabu ikifanya kazi tatu. Ya kwanza ni kumuponya aliyeumizwa: anarudishiwa kitu, na mbele ya kitu anarudishiwa neno, kwa maana watu wote wamesikia kwamba alikosewa. Ya pili ni kumurudisha aliyekosa mu jamaa ya watu: amelipa, amekula pamoja na wengine, jina lake si «mwizi» tena. Ya tatu ni kuonya na kulinda wengine. Na kazi hii ya tatu haikuhitaji fimbo. Baba mudogo aliyetoa mbuzi yake kwa kosa la mutoto wa kaka yake hatalala; atamuchunga yule kijana kupita polisi.

Turudishe sasa macho ku picha. Mu kazi tatu, «Colonie Belge» inaonyesha moja tu, ile ya kuonya, na hata hiyo imegeuka kuwa kutisha. Aliyeumizwa hayuko. Njia ya kurudi haiko. Hata tribinali za machifu, ambazo koloni ilizitambua kwa sheria ya 1926, ziliwekwa chini ya jicho la administrateur, na polepole buloko na amande vikachukua pahali pa malipizi. Franka zikaenda ku kisanduku, na aliyeibiwa akarudi kwake mikono mitupu. Mpaka leo mulalamikaji anashangaa: «Mwizi wangu amefungwa, lakini mimi nimepata nini?»

Lakini tusiimbe sifa za wazee tu. Mila nazo zilikuwa na pahali ambapo azabu ilivuka mupaka. Kulikuwa mwavi, ile sumu aliyonyweshwa mutu wa kushitakiwa bulozi: akitapika ni mwema, akifa alikuwa mubaya. Pale azabu ilikuja mbele ya ushahidi, na maiti njo ilikuwa ushahidi. Kulikuwa pia jamaa zilizolipa kosa kwa mutu, zaidi kwa binti: mutoto aliyekuwa hajakosa kitu anakwenda kukaa kwa watu wengine ju ya kosa la mujomba. Ile haikuwa kuponya. Ilikuwa kuhamisha kidonda toka mwili mumoja mpaka mwingine. Na leo kuna wazee na watoto wanaofukuzwa, wanaopigwa, hata kuuawa, ju ya kusingiziwa bulozi. Katiba ya 2006, mu article 153, inakubali matribinali yatumie mila, lakini kama haipingani na utaratibu wa wote ao na adabu njema. Kuna wanaoona hiyo kuwa zarau kwa wazee. Sisi tunaona ni mizani. Mila inayotaka kuheshimiwa ikubali kupimwa, kama vile mwenye fimbo alipaswa kupimwa.

5. Kile ambacho picha inakificha

Tumeisifu picha; sasa tuikosoe. Upungufu wake mukubwa ni kwamba inaturuhusu kuondoka bila zambi. Macho yote yanakwenda kwa muzungu wa kiko. Ubaya unatoka kwake. Kwa hiyo akienda, ubaya umekwenda. Lakini mukono unaonyanyua fimbo ni wa nani? Ni wa mutu wetu. Ana uso wa ndugu zetu, na jioni atarudi kula bukari sawa mwingine yeyote. Picha inamuonyesha, lakini salon haimusemei. Tumesikia watu wengi wakisema «baba yangu alipigwa». Ni nani tuliyemusikia akisema «baba yangu alipiga»? Ukumbusho nao una pahali unaponyamaza.

Na kuna mutu mwingine mu picha ambaye hakuchorwa: ni sisi tunaoangalia. Muchoraji ametuweka ndani ya kiwanja, mbele kabisa, pahali pa umati. Hatuna fimbo, hatuna kiko, tunaangalia tu. Kwa miaka mingi tulifikiri pahali pale ni pa huruma. Lakini kuangalia tu si huruma bado.

Tuone kile kinachotokea mu makartie yetu usiku ao hata muchana. Sauti inapigwa: «Mwizi! Mwizi!» Mu dakika chache bantu bote bako inje. Hakuna anayeuliza ameiba nini, kwa nani, nani alimuona. «Bamupike!» Mumoja analeta mupira wa motokari, mwingine analeta esanse. Watoto wanasimama mbele ju baone muzuri. Asubuhi inabaki alama nyeusi ku barabara, na watu wanapita wakienda kazini. Ukiuliza, wanajibu: «Ju serikali inabaachiliaka.»

Tunalielewa neno hilo, tulisema haja ya kupata jibu ni ya haki. Lakini tulinganishe. Kosa limetajwa? Hapana, limepigiwa kelele tu, na zaidi ya mara moja aliyekufa hakuwa yeye mwizi. Kuna anayepima azabu? Hapana, kila mukono unaongeza yake, na mukono wa mwisho hauna jina. Aliyeibiwa amepona? Telefone yake imeungua pamoja na mutu, ao iko kwa yule aliyekimbia. Njia ya kurudi? Majivu hayarudi. Basi ile ni «Colonie Belge» bila muzungu. Tofauti ni kwamba polisi wa picha alihesabu fimbo zake; umati hauhesabu. Na watu hawa wanaochoma, wengi wana picha ile ku ukuta, ao waliiona ku ukuta wa baba yao, na waliikasirikia.

Serikali nayo haiko mbali na mafikiri hayo. Tangu 2003 inchi yetu ilikuwa haijanyonga wala kupiga risasi mutu wa kuhukumiwa kifo, hata kama matribinali yaliendelea kutamka hukumu ile. Mu mwezi wa 3 wa 2024 wizara ya haki ilitangaza kwamba kizuizi kile kimeondolewa, kwa makosa ya usaliti wa vita na ya ujambazi wa mijini unaoua. Tunajua machungu ya ndugu zetu wa mashariki, na hakuna anayewaomba wamupende musaliti. Lakini azabu isiyoweza kusahihishwa inaomba zuzi asiyekosea, na zuzi wa namna hiyo hakuna mu inchi yoyote.

6. Beseni ingali ku kichwa

Mutu ataniambia: muache mitaa, muzungumze juu ya azabu ya sheria, ile ya gereza. Tuizungumze. Tangu 2011 tuna sheria inayoazibu utesaji, na Katiba inasema mutu ni mutakatifu. Fimbo haiko tena mu kitabu chochote cha sheria. Je, kiwanja cha picha kimefungwa?

Gereza la Makala kule Kinshasa lilijengwa mu 1957 kwa watu 1,500. Mu 2024 ndani yake kulikuwa zaidi ya 12,000, na wengi wao hawajahukumiwa bado: wanangoja kujua kosa lao. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 walijaribu kutoroka. Serikali ilihesabu wafu 129, wengi kwa kusongwa. Na hapa kwetu Lubumbashi, mu gereza la Kasapa, tarehe 25 Septemba 2020 fujo ilianza, wafungwa wakashika gereza siku tatu, na wanawake wengi waliofungwa mule walibakwa mara na mara. Hakuna zuzi aliyewahukumu wanawake wale kubakwa. Zuzi alitamka kifungo, ao hata hajatamka kitu. Yote mengine yaliongezwa na uzembe wa wale waliopaswa kulinda mulango.

Hapa njo tunapata mupaka ambao koloni haikuupata mu hesabu zake: azabu ni ile tu iliyotamkwa. Kama hukumu inasema miezi sita ya kutotembea, basi ni miezi sita ya kutotembea. Njaa haikutamkwa. Kifua kikuu hakikutamkwa. Kupigwa na wafungwa wakubwa hakukutamkwa. Kila kinachoongezwa juu ya hukumu ni kosa jipya, na mwenye kuliongeza amekuwa mushitakiwa.

Na wanawake wa picha, muwatafute: wangali pale. Mu magereza yetu mengi mufungwa anakula kile jamaa yake inacholeta. Mama anatoka mbali, anapita mbele ya mulinzi, analipa kidogo ili beseni iingie. Hajaiba, hajaua, lakini anaazibiwa kila siku kwa mifuko yake na kwa miguu yake. Wachoraji wa miaka ya 1970 waliona vema kupita wanasheria wengi: waliweka beseni ile mu kila picha. Inchi ilibadilisha bendera na jina, na beseni haijashuka ku kichwa cha mama.

7. Tunaomba nini

Ndugu zetu Warega wa Maniema na Kivu, mu chama chao cha Bwami, walikuwa na sanamu ndogo za pembe na za muti. Sanamu haikuonyeshwa peke yake. Muzee aliishika na kutamka methali yake, na kijana alielewa mwenendo wa kufuata ao wa kuacha. Picha yetu nayo inaomba mutu wa namna ile. Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu: musiache «Colonie Belge» isemwe tu kama machozi juu ya wazungu. Muulize watoto maswali manne. Kosa limetajwa mbele ya wote? Aliyeumizwa ameponywa? Mwenye kuazibu anapimwa na nani? Aliyekosa ana njia ya kurudi? Azabu inayokosa majibu hayo, iwe ya Bulamatari, ya chifu, ya tribinali ao ya kartie, ni nguvu tu.

Walimu nao waanze mu darasa lao. Wengi wanatetea fimbo ya shule kwa kusema: samaki mukunje angali mubichi. Tunakubali methali. Lakini kukunja si kupiga. Anayekunja anashika kwa mikono miwili na anaangalia asivunje. Sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inasema hivyohivyo kwa maneno yake. Mutoto anayepigwa ju ya kuchelewa, ju ya kushindwa hesabu na ju ya baba yake kukosa kulipa minerval, amekwisha kujifunza somo la kiwanja kile: makosa ni mengi, jibu ni moja.

Na tunawaomba wachoraji wetu wa leo kitu kimoja. Mumechora fimbo ya zamani vizuri sana, na tunashukuru. Sasa mutuchoree barabara ya usiku, mupira, esanse, na zaidi ya yote nyuso za wale wanaosimama kuuzunguka, mumoja mumoja, kama vile mulivyochora uso wa muzungu wa kiko. Picha hiyo sisi hatujaiona ku ukuta wa salon yoyote. Tutajua tumeanza kuelewa azabu siku ambayo baba wa nyumba atakubali kuitundika, mugeni aulize «ni nani hawa?», na baba amujibu.